Sabaki, Sagana au Jinja: mtu wa Malindi ashuke mto gani?

Masika yakishika, ukisimama kwenye jeti ya Malindi utaona bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ule si uchafu wa mji. Ni udongo wa bara uliobebwa na mto Sabaki hadi mdomoni pake, kati yetu na Mambrui, kisha mawimbi yakautandaza mpaka mbele ya mahoteli. Watalii hununa, wavuvi huhamisha nyavu, na vijana wa mtaani kwetu huniuliza swali lile lile la kila mwaka: ikiwa mto wenye nguvu za kuipaka bahari rangi uko mlangoni, kwa nini mtu apande basi kwenda kutafuta maji ya kasi mto Sagana huko bara, tena wengine wavuke mpaka hadi mto Nile kule Jinja, Uganda?

Nimeshuka kwa boti Sagana mara mbili na Jinja mara moja. Sabaki, au Galana kama unavyoitwa huko juu, nimeutazama nikiwa juu ya mwamba. Sikuingia. Nitaeleza kwa nini, na nitailinganisha mito hii mitatu kwa swali moja ambalo naliona kubwa kuliko urefu wa maporomoko na kuliko bei: ukianguka, utatokea wapi?

Swali hili si langu. Nililipata kwa mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi enzi zake. Nilikwenda kumuaga kabla ya safari ya kwanza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Nasikia waenda kushuka mto."

"Naam, mjomba."

"Baharini mtu akianguka, nahodha hugeuza chombo akamrudia. Huko mtoni chombo chageuka?"

"Hakigeuki, mjomba."

"Basi uliza kwanza ni nani atakayekuja kukuchukua."

Nilicheka. Siku mbili baadaye sikucheka tena.

Maneno mawili kabla ya safari

Maji ya kasi hupimwa kwa madaraja 6 yanayotumika karibu dunia nzima. Daraja la 1 ni maji yanayokwenda tu. La 2 lina vijiwimbi. La 3 lina mawimbi yanayokurowesha na mawe ya kukwepa. La 4 lina nguvu na lahitaji kiongozi anayejua kila jiwe. La 5 ni la waliozoea, na kosa lake ni kosa kweli. La 6 hesabu kuwa halipitiki. Unabeba chombo ukapita kwa miguu. Mto ule ule hubadilika daraja mvua ikinyesha, kwa hivyo namba uliyoambiwa Februari isikutulize Novemba.

La pili ni kifaa. Huko bara utaambiwa shika "kasia". Sisi wa pwani tunajua kasia ni lile refu linalofungwa ubavuni mwa mashua ukavuta ukiwa umeipa omo, yaani mbele ya chombo, mgongo. Utakachopewa mtoni ni kafi: fupi, halifungwi popote, unalichoma majini ukitazama mbele. Wenyewe hawajali jina, lakini mwili wako utajali. Kijana aliyezoea kuvuta kasia huvuta kwa mgongo, na hapa anatakiwa apige kwa kiuno na tumbo. Nilimaliza siku ya kwanza mabega yakiwaka moto kwa sababu hiyo tu.

Mto wa nyumbani

Mto Athi huanzia upande wa Nairobi. Ukishaingia Tsavo Mashariki unakutana na mto Tsavo, na kutoka hapo huitwa Galana. Ukikaribia pwani ndio Sabaki wetu. Kwa urefu ni wa pili nchini baada ya Tana. Kwa sehemu kubwa ya safari yake unafuata ubavu wa uwanda wa Yatta, ule ukuta mweusi wa lava wa karibu kilomita 300 ambao dereva wa Tsavo hachoki kuwaonyesha wageni.

Maji ya kasi yapo, tena si ya mchezo: maporomoko ya Lugard, yaliyopewa jina la Mwingereza Frederick Lugard aliyepitia njia ya Sabaki mwaka 1890. Wanayaita maporomoko, lakini si maji yanayodondoka kutoka juu kama wengi wanavyodhani. Ni mto mpana unaobanwa ghafla kwenye mwamba wenye milia, ukachimba mifereji, mashimo na mapango, mpaka mahali pengine kiangazi mtu huona kana kwamba angeruka ng'ambo kwa hatua moja. Nililala kifudifudi ukingoni nikachungulia. Kulikuwa na kipande cha gogo kimeingia ndani ya shimo moja la mviringo, kikizunguka, kikizama, kikiibuka, kikizunguka tena. Nilikitazama kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Hakikutoka.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kuhusu Galana. Ukianguka pale, maji hayakupeleki mbele. Yanakuingiza chini ya mwamba. Na yule ambaye mwamba umemwachia, chini kidogo kuna mahali ambapo hifadhi yenyewe imepaita kwa jina la mamba, na halikutolewa kwa mzaha. Mamba hukaa pale chini kwa sababu mto huwaletea riziki.

Kuna na mambo mengine. Hiyo ni hifadhi ya taifa. Hushuki garini ila mahali paliporuhusiwa, sembuse kutia boti. Maji ni ya udongo, huoni jiwe lililo shubiri moja chini ya uso, na mtu anayesoma mto kwa macho anakuwa kama anayesoma barua usiku bila taa. Mvua zikija, mto hushuka na miti mizima, na mti ulionasa katikati ya mto ni mtego mbaya kuliko jiwe: maji hupita katikati ya matawi, wewe unabaki. Kiangazi kikija, maji hupungua mpaka boti ikakwaruza mchanga.

Najua wako waliowahi kuushuka mto huu kwa siku nyingi, kwa maandalizi ya kijeshi na kwa vibali. Simkatazi mwenye uzoefu wa miaka. Lakini kwa kijana wa Malindi anayetaka kuonja maji ya kasi kwa mara ya kwanza kwa sababu tu ni karibu, Galana ndio chaguo baya kuliko yote matatu, na ukaribu wake ndio unaodanganya.

Na huku chini je, Baricho mpaka daraja la Sabaki? Huku hakuna maji ya kasi ya kukufanya uvae helmeti. Kuna viboko. Wanafika mpaka karibu na mdomo wa mto, pale pale wanapokwenda watu kutazama ndege aina ya heroe. Kiboko hamli mtu, ila hapendi chombo kikae baina yake na kina cha maji, na mtumbwi mdogo haumshindi. Ukitaka kuifurahia Sabaki, nenda na mwenyeji wa pale, kwa miguu, alasiri, maji ya bahari yakipwa na mchanga ukijitokeza. Mimi hufanya hivyo kila mwaka.

Wa Lamu nao wameshaniuliza: na Tana yetu ya Ozi na Kipini? Jibu ni lile lile kwa ufupi: mto mzuri, mikoko, mamba na viboko, wala hakuna poromoko hata moja la kuuza. Maji ya kasi ya Tana yako mbali huko juu.

Sagana

Sagana ni Tana akiwa kijana. Maji yanashuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ni baridi kwa kipimo chetu sisi tuliozoea bahari ya uvuguvugu, na mto si mpana: unaweza kumtupia mtu kamba akaidaka. Hilo la kamba ndilo linaloupa mto huu alama nyingi kwangu. Viongozi huwa na mfuko wenye kamba ya kuelea ndani yake, mmoja husimama juu ya jiwe pale maji makali yanapoishia, na ukipita umeanguka unatupiwa. Umbali ni mfupi, na baada ya sehemu nyingi kali huja maji yaliyotulia.

Siku ya kwanza huanza na maji mepesi ya kujifunzia: kupiga kafi pamoja, kuinama ndani ya boti, kumvuta mwenzako kwa mabega ya jaketi lake la kuelea. Kisha yanafuata ya daraja la 3, la 4, na mahali pamoja pa la 5 ambapo asiyetaka hushuka akapita kwa miguu, wala hachekwi.

Hapo Sagana ndipo nilipoanguka. Naeleza kwa sababu kosa langu ni la watu wa pwani, na wewe utalifanya usipoambiwa.

Boti iligonga jiwe ubavuni, mimi nikatoka kama kokwa ya embe. Nilizama, jaketi likanipandisha, nikaona ukingo uko karibu sana. Nikafanya ninachofanya tangu utotoni wimbi likinibwaga ufukweni: nikasimama. Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Mguu wa kushoto ukaingia baina ya mawe mawili, na mto, ambao haukuwa na haraka nilipokuwa naelea, ukaniegemea mgongoni kwa uzito wa gunia la chumvi. Kisha gunia la pili. Nilianza kuinama mbele, uso ukielekea majini, na mguu haukutoka. Kiongozi alikuwa anapiga kelele neno moja tu: "Lala! Lala!" Nikajiachia chali, mguu ukachomoka, kiatu kikabaki.

Wimbi la bahari hukusukuma, kisha hurudi ukapumua. Mto haurudi. Kwa hivyo kanuni ni hii: mtoni ukianguka usisimame mpaka maji yawe chini ya magoti. Lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, ukutane na mawe kwa nyayo na si kwa kichwa. Ukiona sehemu imetulia nyuma ya jiwe au kando ya ukingo, hapo geuka kifudifudi uogelee kwa nguvu zako zote. Ila ukiona mti umelala mbele yako, sahau kulala chali: ogelea kuukwepa, na ukishindwa, utangulize kichwa, ujirushe juu yake, usipite chini.

Kwa haya yote Sagana ni mwalimu mzuri. Mto mdogo wenye mawe mengi hukuadhibu kwa kosa dogo, lakini hukuadhibu karibu na watu.

Jinja

Nile ni kitu kingine kabisa. Unatoka Ziwa Victoria ukiwa tayari mto mkubwa, hausubiri mvua ya wiki hii wala kiangazi cha mwezi huu, na maji yake ni ya vuguvugu kama ya kwetu. Unashukika mwaka mzima. Mawimbi yake yalinikumbusha kusi kwenye mlango wa mwamba, ila haya hayasafiri: yamesimama mahali pamoja, na wewe ndiye unayeyaendea.

Hapo kupinduka si ajali, ni sehemu ya siku. Boti yetu ilipanda wimbi, ikasimama wima, nikamwona mwenzangu wa mbele akiwa juu yangu, kisha giza. Ndani ya maji nilizungushwa kama shuka kwenye beseni la dobi. Nilihesabu mpaka 6 nikaibuka, nikavuta pumzi nusu, wimbi la pili likanifunika. Halafu ghafla kimya: dimbwi pana, maji mazito yamelala, na vijana wa kayaki, vile vijiboti vyembamba vya mtu mmoja, wamezagaa wakiokota watu mmoja mmoja. Sikugusa jiwe hata moja. Kina ni kirefu na mto ni mpana, na hilo ndilo jibu la Jinja kwa swali la mjomba: unatokea mbali, umechoka, lakini mwili mzima, na yupo wa kukuchukua. Pia mto umegawanywa na visiwa, kwa hivyo mara nyingi kiongozi ana njia mbili za kuchagua, ya wenye moyo na ya wenye watoto. Itanda, sehemu inayoogopwa kuliko zote, kwa kawaida watu huipita kwa miguu, kisha huingia tena chini yake.

Asiyeweza kutulia akiwa chini ya maji kwa sekunde kadhaa asianzie Jinja. Si nguvu zinazotakiwa, ni utulivu. Mvuvi wa kupiga mbizi wa Malindi atajiona nyumbani kule kuliko mcheza mpira.

Angalizo la wanaosoma maelezo ya zamani: mto ule si ule. Bwawa la Bujagali lilikamilika mwaka 2012 na kuyazamisha maporomoko yaliyokuwa na jina hilo. Isimba likafuata mwaka 2019 na kuyafunika maji mengi ya kasi ya sehemu ya chini. Safari iliyokuwa ndefu imekuwa fupi. Bado ni kubwa kuliko chochote tulicho nacho Kenya, lakini mtu akikuahidi njia aliyoisoma mahali miaka kumi iliyopita, mwambie aulize upya. Jambo jingine ni kichocho. Maji ya Ziwa Victoria na Nile yanajulikana kwa ugonjwa huo. Ukirudi, subiri wiki kadhaa kisha ukapime, dawa ipo na ni rahisi kuliko kuuacha.

Njia, msimu na mfuko

Sagana iko kilomita 100 hivi kutoka Nairobi, kwenye barabara ya Nyeri. Kwa mtu wa Malindi hiyo ni matatu hadi Mombasa, treni au basi la usiku, kisha matatu nyingine. Ukiondoka Ijumaa, Jumatatu uko kazini, umechakaa lakini upo. Jinja huongeza usiku mwingine wa basi kupitia Busia au Malaba. Mkenya huvuka kwa kitambulisho, ila beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano na usikiache kwenye begi lililo chini ya basi, kama nilivyofanya.

Msimu wa Sagana ufikirie hivi. Mvua kubwa zikiwa zimekolea, Aprili na Mei au Novemba, mto hupanda daraja. Ni wakati wa waliokwisha kuonja. Julai na Agosti maji yamepungua, nao ni wakati wa mwanafunzi. Januari na Februari mawe huwa mengi kuliko maji. Jinja, nenda upatapo ruhusa.

Bei sitaitaja, maana hubadilika na hutegemea mko wangapi. Ila usilinganishe bei kabla ya kuuliza yaliyomo: usafiri wa kukurudisha kutoka chini ya mto, chakula, kitanda, na kayaki ngapi za kuokoa huandamana na boti. Hilo la mwisho ndilo la kushikilia. Kampuni moja niliyokwenda nayo ilinipa helmeti ambayo mkanda wake wa kidevuni ulikuwa umefungwa fundo la kamba ya nailoni. Nikaomba nyingine. Mhudumu aliniambia, "Hiyo haina shida, wote huvaa." Nilikaa chini mpaka ikaletwa nyingine, na wenzangu wakaniona mkorofi. Kaa chini vivyo hivyo. Jaketi nalo livutwe mabegani na mtu mwingine. Likipanda hadi masikioni, si saizi yako.

Nikiambiwa nichague

Kwa asiyewahi kabisa, na anayeogelea vizuri: Sagana, Julai. Kwa asiyejua kuogelea: popote pasubiri, hata kama tangazo linasema jaketi linatosha. Kwa aliyeanguka Sagana mara mbili tatu akatoka akicheka, na kwa mpiga mbizi mwenye pumzi: Jinja. Kwa anayetaka kayaki ya peke yake badala ya kukaa kwenye boti na wenzake 6: Jinja tena, lakini akae wiki nzima ajifunze kwenye maji yaliyolala kwanza; Sagana yenye mawe itamvunja moyo, pengine na bega. Galana: kwa macho, kutoka juu ya mwamba, na mtoto ashikwe mkono.

Mazoezi usiyaache hadi ufike. Tunao mto wetu wa mara mbili kwa siku, na wengi hawauoni: mlango wa Mida, Watamu. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na yakianza kutoka, mlango ule huwa mkondo kweli. Nyuma ya kila jiwe la matumbawe maji hutulia au hurudi kinyumenyume. Ndipo mahali ambapo mtoni utapumzikia. Jifunze kuingia hapo na kutoka, na kuvuka mkondo bila kuchukuliwa: omo ielekee maji yanakotoka, iinamishe kidogo kwenye ng'ambo unayoitaka, piga kafi taratibu, maji yenyewe yatakuvusha. Wavuvi wa pale hufanya hivyo kwa mtumbwi bila hata kufikiri. Nenda na mmoja wao, uwe na chombo cha pili, na mmalize kabla mkondo haujawatoa nje ya mwamba.

Mpwa wangu ana miaka 19 na ameshanisumbua vya kutosha. Julai tunakwenda Sagana. Kabla ya hapo, bamvua ya mwezi huu, Jumamosi, maji yakianza kupwa, tutakuwa Mida, naye atakuwa ndani ya maji akijifunza kulala chali huku mimi nikimpigia kelele.